Besi kutoka kwenye benchi

Nilijiunga na kwaya yetu ya mjini mwaka 2008, nikiwa na karatasi ya solfa mfukoni na aibu tele. Mazoezi yalikuwa Alhamisi jioni, Upanga. Hakukuwa na posho wala nauli. Kila mmoja alichanga hela ya fotokopi, na mama mmoja wa alto alikuja na maandazi. Zaidi ya nusu ya waimbaji walikuwa wageni: walimu, madaktari, watu wa balozi. Walifungua vitabu vya nota za mistari wakaimba papo kwa papo, kama mtu anavyosoma gazeti. Sisi tuliotoka kwaya za parokia na usharika tulisikiliza kwanza, tukaenda nyumbani, usiku tukaigeuza sauti yetu kuwa d, r, m.

Mwenzetu mmoja aliniambia solfa ni mambo ya watoto. Nilinyamaza. Siku hizo sikujua kwamba mizizi yake ni kwa mwalimu wa kike Mwingereza, Sarah Glover wa Norwich, wala kwamba katika karne ya 19 mchungaji John Curwen aliieneza makusudi ili watu wa kawaida, wasio na fedha ya kusomea muziki, waimbe nyimbo kubwa. Wamisionari wakaisafirisha hadi huku. Ukiambiwa "do ni D," kazi imeanza. Lakini tusidanganyane: wimbo unaohamisha do kila ukurasa humtoa jasho mtu wa solfa, na hapo wenye mistari hutucheka kwa haki.

Tuliimba mara mbili kwa mwaka, kwa tiketi, mbele ya watu walewale wa Masaki na Oysterbay. Sambusa, juisi, pongezi, kwaheri. Kisha mwalimu wa kwaya akaleta wazo la kwenda hospitali ya Ocean Road, kuwaimbia wagonjwa wa saratani. Ubishi ukawaka. Wapo waliosema hatukujiandaa, wapo waliosema wodini si mahali pa Handel. Mwalimu akatukumbusha kwamba "Messiah" ya huyohuyo Handel iliimbwa kwa mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, kwa ajili ya hisani: mapato yaligawiwa hospitali mbili na wafungwa wa madeni, na wafungwa 142 wakatoka kifungoni. Wanawake waliombwa wasivae magauni yaliyotanuliwa kwa mapete ili watu wengi zaidi waenee ukumbini. Basi tukaenda, ingawa wengine walinuna njia nzima.

Ilikuwa Desemba, na umeme ulikuwa umekatika. Kinanda tulichokibeba kwa taabu kikabaki kwenye mfuko wake. Mwalimu akapuliza kifilimbi chake cha kutolea sauti, tukaanza ile Haleluya ya "Messiah" kwa Kiingereza, macho kwenye karatasi.

Hatujafika mbali, besi ikaingia kutoka kwenye benchi la ukutani. Kwa Kiswahili. Mzee mmoja aliyejifunika shuka alikuwa anaimba bila karatasi, kwa wakati wake barabara. Akina mama wakadakia soprano, huku wengine wakisema "Aleluya" ya Kikatoliki na wengine "Haleluya" ya Kilutheri. Sisi tukapotea. Mwalimu alitutazama, akatugeuzia mgongo, akaanza kuwaongoza wao.

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba wimbo huo, Aleluya Kuu, nimeukuta parokiani tangu utoto, kila Krismasi na kila Pasaka. Kwa miezi mitatu nilijifunza upya kitu nilichokuwa nacho, na nikakibeba kuwapelekea watu waliokuwa nacho pia.

Baadaye nikamwendea yule mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona besi yenu inachelewa kuingia?"

Nikajitetea kwamba mimi ni teno.

"Hata nyie," akasema. "Mnaangalia karatasi mno."

Alikuwa ametoka Songea, yuko kwenye mionzi wiki ya nne, na nyumbani alikuwa mwalimu wa kwaya. Alituimbia kipande cha besi mara mbili, polepole, na watu wetu wa besi, wenye shahada zao, wakakirudia kama darasa la kwanza.

Kwaya haikubadilika siku ile. Wapo waliojitoa, wakidai tumegeuka kuwa kwaya ya kanisa. Wageni wengi mikataba yao iliisha, wakarudi kwao. Taratibu karatasi zetu zikaanza kuwa na solfa chini ya mistari, sasa zinatumwa kwa WhatsApp, na kabla ya kwenda mahali tunauliza kwanza: huko mnaimba nini? Za Handel na Mozart hatujaziacha, na sioni sababu ya kuziacha.

Deni moja limebaki. Siku ileile ya Ocean Road dada mmoja mwenye hijabu alingoja tumalize, akatuomba taarabu. Hatukuwa nayo hata moja. Tukacheka kwa haya, naye akacheka kwa adabu. Mpaka leo hatunayo.

Mazoezi bado ni Alhamisi, saa kumi na moja na nusu. Tunatafuta waimbaji wawili wa teno, na mtu wa kutufundisha taarabu. Nota za mistari si lazima.