Habari za Matairi ya Gari Letu

Mtaniwia radhi nikiwaletea habari za mipira ya gari, maana mimi ni mwalimu wa shule, si fundi wala dereva. Lakini katika mwaka wa 2022 chama chetu cha wakulima wa mpunga kilinichagua niwe karani wake kwa ajili ya mwandiko wangu, na karani ndiye aliyepewa fedha kwenda Sumbawanga kununua matairi. Nalinunua vibaya. Nataka kueleza nalivyonunua na yaliyotupata, kwa kuwa najua viko vijiji vingine, huku bondeni na huko juu Ufipa, vyenye gari moja tu kama sisi, na labda karani wao yu njiani sasa hivi, fedha mfukoni.

Sisi twakaa katika bonde la Rukwa, chini ya ule ukuta wa milima uitwao Lyamba lya Mfipa. Ziwa Rukwa liko karibu mita 800 juu ya bahari, na mji wa Sumbawanga karibu mita 1,800. Basi mtu wa kwetu atakaye kwenda mjini sharti apande mita 1,000 hivi. Mababu walipandisha chumvi ya Ivuna vichwani, nao hawakuhitaji kujaza upepo popote. Siku hizi twapanda kwa Land Cruiser kuukuu ya chama, ambayo huchukua mpunga, mbolea, walimu, na wagonjwa.

Njia yetu ina tabia tatu. Kutoka kijijini hata Muze ni udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa masika hushika kama ulimbo. Kutoka Muze njia huanza kupanda kuelekea Ntendo, na huko ni mawe, kokoto na makorongo. Kisha toka Ntendo ni lami hata mjini. Mimi siku ile dukani nalifikiri tabia moja tu, nayo ni ya matope, kwa sababu matope ndiyo huonekana nguoni.

Muuzaji alikuwa na matairi mapya, nayo yalikuwa na meno ya kadiri tu, na bei kubwa. Tena alikuwa na matairi yaliyokwisha kutumika nchi za ng'ambo, ya namna ile ya matope hasa. Loo! Meno yake yalisimama kama matofali yaliyoanikwa. Nalitia kidole katikati kikazama hata kiungo cha kwanza. Mafundi wa mjini huyaita meno hayo kashata, na kweli nalipata tamaa kama mtoto aliyeonyeshwa kashata. Bei yake haikufika nusu ya yale mapya. Nikalipa ya matairi matano, nikaandika hati kwa mwandiko mzuri, nikarudi.

Masika yalipoanza twalipita mahali malori yalipokwama. Mwenyekiti akasema mbele ya mkutano kwamba karani wetu ana macho. Dereva peke yake hakunisifu. Alisema, "Mwalimu, yanalia sana kwenye lami, tena nikikanyaga breki penye maji gari linachelewa kusimama." Nami nikadhani ni manung'uniko ya madereva.

Mwezi wa Januari mwaka wa 2023 mtoto mmoja wa darasa la tano, mwanafunzi wangu, alianguka kutoka juu ya mwembe akavunjika paja. Mganga wa zahanati alilifunga kwa vibao, akasema apelekwe mjini siku ile ile. Twaliondoka saa nane mchana: mimi, dereva, vijana wawili, na bibi yake aliyemlea. Mtoto alilazwa juu ya magunia. Twalipita matope vizuri. Twalipofika katikati ya kupanda, tairi la nyuma lilipasuka kwa kishindo. Lilipasuka ubavuni, mpasuko wa urefu wa kiganja, na jiwe lililolipasua halikuwa kubwa kuliko ngumi. Twakatia lile la akiba. Hatukwenda mbali, na la mbele nalo likaanza kulala. Upepo ulitoka katika nyufa zilizokuwa chini ya meno. Tairi la akiba la pili hatukuwa nalo.

Jua likashuka, mvua ikaja, na baridi ya Ufipa ikaja pamoja nayo. Mtoto hakulia, afadhali angalilia. Bibi yake alishuka akaliinamia lile tairi lililopasuka, akalipapasa kama mtu anayetazama mbuzi wa kununua, akaniambia, "Mwalimu, meno yake mapya, ufizi umeoza." Sikuwa na neno la kujibu.

Alfajiri lilikuja lori likiteremka na mabati. Dereva wake, mtu mwema tusiyemjua, alitupa mpira wa ndani na viraka, akakaa nasi hata kazi ikaisha. Twalifika hospitali karibu saa tano. Mtoto alipona, lakini mguu ule ni mfupi kuliko mwenzake, naye huchechemea. Daktari hakusema kwamba usiku ule ndio uliomharibu, wala mimi sikumwuliza.

Nalipokuwa nikingoja mjini nalichukua lile tairi bovu kwa fundi mzee mwenye kibanda cha kuziba pancha. Hakutazama meno hata kidogo. Aligeuza ubavu, akapangusa vumbi, akanionyesha tarakimu nne baada ya herufi DOT: 3111. Akasema, "Soma, Mwalimu." Nikasoma elfu tatu mia moja kumi na moja. Akacheka. Tarakimu mbili za kwanza ni wiki, na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lile lilitengenezwa wiki ya 31 ya mwaka wa 2011. Lilikuwa limezidi miaka kumi na moja. Mpira huzeeka hata ukikaa ghalani bila kazi. Hewa na jua na joto huukausha, nao hupata nyufa ndogo kama matope yaliyokauka. Meno yaweza kuwa marefu na tairi likawa limekwisha kufa. Mimi niliyefundisha watoto kusoma miaka mingi nalikuwa nimenunua kitu chenye maandishi pande zote, nisisome hata neno moja.

Basi fundi yule akanifundisha, nami nawapa kama nalivyopewa. Gari letu huvaa 265/70R16. Hiyo 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Hiyo 70 ni kimo cha ubavu, yaani sehemu 70 katika 100 za upana ule, kama milimita 185. Herufi R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, kukata moja kwa moja toka ukingo hata ukingo, na 16 ni inchi za rimu. Baada ya hayo huja nambari ya mzigo, na hii ndiyo wengi hawaiangalii. Matairi mawili ya kipimo kimoja yaweza kutofautiana sana: moja limeandikwa 112, maana yake kilo 1,120, na jingine 121, maana yake kilo 1,450. Lile la pili mara nyingi hutanguliwa na herufi LT, nalo limefanywa kwa magari ya mizigo, ubavu wake ukiwa mnene. Kwa njia ya mawe ubavu ndio uhai.

Tena ziko namna tatu. Yenye H/T ni ya lami, meno yake madogo, hukimbia kimya, bali matopeni hugeuka mkate. Yenye M/T ni ya matope. Hayo yana nafasi kubwa kati ya meno ili udongo utoke, lakini juu ya lami hulia na kuisha upesi, na kwenye mvua hayashiki vema. Yenye A/T ni ya njia zote, nayo hukaa katikati. Alama ya M+S maana yake matope na theluji, illa hiyo ni ahadi ya mtengenezaji mwenyewe. Iko na alama nyingine ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, na tairi lenye hiyo limejaribiwa hasa katika theluji. Kwetu Ufipa baridi ya mwezi wa Juni yatosha, theluji hatujaomba.

Nalirudi kijijini nikawaambia wazee kwamba yafaa kununua matairi matano mapya, A/T yenye LT, nambari ya mzigo 121. Na hapa ndipo palipokuwa pagumu, kwa maana fedha ya chama ilikuwa imewekwa kwa kuezeka ghala la mpunga. Mzee mmoja akasimama akasema, "Mwaka jana ulitununulia meno, Mwalimu, na sasa watuuzia nambari." Watu wakacheka, nami nalistahili. Mwingine akauliza kwa nini tusinunue mawili tu. Nikajibu kwamba gari hili likivuta kwa magurudumu yote manne, matairi yasiyolingana mzunguko hupigana wao kwa wao, na anayelipa ugomvi ule ni difu. Dereva akatikisa kichwa kukubali, nayo ilikuwa mara yake ya kwanza kukubaliana nami.

Twalishindana jioni mbili. Mwisho ghala halikuezekwa mwaka ule, na lile tairi la tano nalilipa mimi kwa mshahara wangu, kidogo kidogo, miezi kumi. Magunia kadhaa ya mpunga yalinyeshewa. Wenye mpunga ule hunisalimu, lakini hawakawii kunikumbusha.

Sitaki mtu adhani kwamba A/T ni dawa ya kila kitu. Katika masika ya 2024 twalikwama mara mbili mahali ambapo yale ya zamani yangalipita. Udongo mweusi ukijaa kati ya meno ya kadiri, tairi huwa kama limepakwa siagi. Hapo twapunguza upepo hata ratili 22 hivi, tairi litandae na kukanyaga pana, twaenda polepole, na majembe yetu tunayo. Tukifika penye ardhi ngumu sharti tujaze tena kwa pampu ya mguu, kwani tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa hupata moto ubavuni na kupasuka. Vilevile lililojazwa mno huruka juu ya mawe na kukatwa upesi. Hata joto lina neno lake: upepo uliojazwa mjini asubuhi penye baridi huongezeka tukishuka bondeni, kama ratili moja kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto. Basi twapima asubuhi, kabla gari halijatembea. Matope yanatuchelewesha saa mbili. Tena ni siku chache za mwaka. Mawe yako pale kila siku, Januari na Agosti.

Mwaka wa 2025 yule mtoto aliingia darasa la saba. Alinijia mwenyewe akaomba apewe kazi ya kupima upepo, nami sikuweza kumkatalia. Kila Jumamosi huzunguka gari na kipimo, hunisomea ratili, nami naandika katika daftari. Tairi la nyuma upande wa kulia lina mkato mdogo ubavuni, wa jiwe la kule kwenye kupanda. Ameuwekea alama ya chaki pande zote mbili ili tujue kama unaongezeka. Jumamosi iliyopita aliinama akautazama sana, akasema, "Bado uko pale pale, Mwalimu." Nikaandika hivyo.