Nyumba ya Bibi Kule Uani

Mwezi uliopita mjukuu wangu anayesomea upimaji wa ardhi alinisindikiza kijijini kwetu Gehandu kutazama boma la wazee. Alizunguka na simu yake yenye ramani, akasimama nyuma ya nyumba ya bati, mbele ya kuta nne za udongo zisizo na paa. "Babu, hili banda livunjwe tu," akasema. "Kiwanja kimoja, nyumba moja. Hili halimo hata kwenye mchoro."

Hakusema kwa dharau, ndivyo alivyofundishwa. Nilishindwa kumjibu. Nikakaa kwenye jiwe la kusagia ambalo bado liko pale mlangoni, maana hilo analoliita banda ni nyumba ya Bibi, mama mzaa baba yangu. Mimi nimelelewa humo kuliko nyumba kubwa.

Bibi alikuwa mtu wa tembe, nyumba ya Kiiraqw iliyochimbiwa ubavuni mwa kilima, paa lake tambarare la miti na udongo. Mgeni akija kwa nyuma aliweza kulikanyaga paa kabla hajajua kuwa chini yake wamelala watu na ng'ombe. Wazee walijenga hivyo kujificha dhidi ya wavamizi wa mifugo.

Operesheni Vijiji, ile ya kuhamishia watu kwenye vijiji, ilipotukuta tuliteremshwa tukapangwa mstari. Nilikuwa nimeandika 1974. Kaka yangu akasema 1975, kwa sababu anakumbuka mbuzi aliyepotea siku ile. Nikatafuta cheti cha ubatizo cha dada yetu aliyezaliwa wiki tuliyohama. Kinasema 1976, lakini ubatizo wenyewe ulicheleweshwa na mvua. Basi na uwe mmojawapo wa miaka hiyo. Kila kaya ilionyeshwa eneo lake, likapimwa kwa hatua, na nyumba ikatakiwa kuangalia barabara. Hiyo ndiyo kanuni ya ujenzi ya kwanza niliyoijua maishani. Baba, kitinda mimba aliyebaki na mama yake, alijenga kama alivyoelekezwa. Kisha nyuma, upande wa mahindi, akamjengea Bibi nyumba yake, na paa akaliweka la udongo kwa sababu Bibi mwenyewe alikataa kulala chini ya kitu kinachopiga kelele mvua ikinyesha.

Ukiingia, harufu ilikupokea kabla ya Bibi. Kwanza moshi, uliokwisha kuingia kwenye miti ya dari mpaka ikawa myeusi na kung'aa. Kisha ndama, maana wawili walifungwa mkono wa kushoto usiku kucha. Juu ya hizo ilikuja harufu ya maziwa yaliyogandia kwenye kibuyu, na siku za Jumamosi harufu mbichi ya samadi na udongo aliosiriba sakafuni kwa kiganja. Masika nyasi ziliota juu ya paa na mbuzi wakapanda kuzila; Bibi aliwafukuza kwa kugonga dari kwa mwiko. Nimelala hoteli kadhaa mijini, na sijapata tena usingizi kama ule wa kando ya mafiga matatu, Bibi akiongea na ndama gizani.

Alikuwa na moto wake. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Hakuwa mgeni jikoni kwa mkwewe, wala mama yangu hakupikia chini ya macho ya mama mkwe. Mmoja akiugua, mwingine alisikia kikohozi.

Bibi alipofariki nyumba haikukaa tupu. Aliingia shangazi aliyerudi kutoka kwa mumewe na watoto wawili. Akaja mwalimu kijana aliyepangiwa shule yetu bila nyumba. Baba alipopiga bati, akaingia mfanyabiashara aliyeweka humo magunia ya vitunguu saumu kutoka Bashay. Mwaka ule nguo zetu zote zilinuka saumu, na kodi yake ndiyo iliyonilipia nauli na daftari.

Halafu mambo yakaenda mbio. Mkoa wetu wa Manyara ukazaliwa 2002, bodaboda zikaja, umeme ukaja, vijana wakaondoka. Nami nikajenga mjini, katika mji ambao sitautaja, kwenye kiwanja kilichopimwa. Baba alipofariki nilitaka kumjengea mama vyumba viwili uani. Mchoro wa kuombea kibali ulirudishwa mara mbili, mara ya tatu sikuupeleka. Mama akaishi miaka mitatu kwenye chumba cha wajukuu, akitunza nguo zake ndani ya sanduku chini ya kitanda. Hakuwa na mahali pa kuwasha moto wake. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sipingi mipango. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 ina kazi yake: gari la zimamoto lazima lipite, shimo la choo lisikaribie kisima, jirani apate hewa. Mji uliojengwa bila hayo nimeuona, na unaua. Lakini nyumba ya pili uani tunaijenga hata hivyo, usiku, kwa tofali za kuazima, bila fundi kukaguliwa, kwa sababu mama hawezi kusubiri. Kanuni ikiitaja kwa jina lake, ikasema iwe na ukubwa gani, iache nafasi kiasi gani, na ikaruhusu ombi moja na mchoro mmoja kwa nyumba zote mbili, watu watakuja mchana kuomba kibali. Jimbo la California kule Marekani lilibadili sheria zake 2016 kuzilazimisha halmashauri za miji zirahisishe vibali vya nyumba za namna hii, baada ya nyumba kuwa haba na kodi kupanda mno. Sisi tunazo tayari. Kijijini, ambako ardhi iko chini ya halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, bado hatuulizwi. Ila Gehandu nako vigingi vya upimaji vitafika siku moja, na atakayevishika huenda ni huyu mjukuu wangu.

Nilimweleza yote hayo nikiwa nimekaa kwenye jiwe. Akanyamaza. Kisha akatoa futi yake, akaomba nishike ncha. Urefu mita tano, upana mita nne na kidogo. Akaandika.

"Mlango ulikuwa upande gani, Babu?"

Nikamwonyesha. Uliangalia mlango wa jiko la mama yangu, ili waitane bila kupaza sauti.