Lokal Haikualikwa

Leo tunaongea bia, na kabla wazazi wenu waanze kunitafuta: sheria ya Kenya bado inasema miaka 18, na sera iliyotolewa mwaka wa 2025, ile ya NACADA, inataka isongezwe hadi 21. Kama hujafika, soma hii kama historia na biashara, kwa sababu sehemu kubwa yake ni hiyo tu.

Wikendi moja nilienda tamasha la bia pande za Karen. Tiketi nilipewa na beshte yangu anayepiga picha za hafla, kwa hivyo usiniulize bei ya kuingia. Nyasi safi, dijei mzuri, nyama inachomwa, watoto wa watu wamevaa miwani ya bei. Na kila mahali ukigeuka neno ni moja: lokal. Bia ya lokal. Chakula cha lokal. Fulana imeandikwa kunywa lokal.

Sasa mimi ni mtu wa Umoja. Kwetu lokal si sifa ya kitu, ni mahali. Ni ile baa iko chini ya fleti, kaunta imefungwa na wavu wa chuma, televisheni iko juu kabisa ili mtu asiiguse mechi ikienda vibaya, na mathe anayejua nani hulipa mwisho wa mwezi na nani hapaswi kupewa deni hata akilia. Nilizunguka hema zote pale Karen nikiitafuta lokal ya aina hiyo. Sikupata hata moja.

Sitaki mfikirie nilienda kununa. Hema za wapishi wadogo wa bia, hawa wanaitwa wa krafti, ndizo zilikuwa patamu kuliko kote. Nchi hii imekuwa na watu kama 254 Brewing Company, Bateleur, na kabla yao Brew Bistro iliyokuwa inapika bia yake hapa hapa Nairobi. Siku hiyo jamaa mmoja mwenye aproni alinimwagia punje za shayiri kiganjani akanianzishia darasa. Unalowesha nafaka mpaka ichipuke, akasema, halafu unaikausha kabla chipukizi halijala utamu wote. Hiyo ndiyo kimea. Unaisaga, unaiweka kwa maji ya moto, wanga inageuka sukari. Unachuja, unachemsha na hopsi ndio upate uchungu na harufu. Unapoza, unatia hamira. Hamira inakula sukari, inatoa pombe na gesi. Hayo mengine yote ni usafi na subira.

Watu walikuwa wamemzunguka, simu juu, wanarekodi. Glasi moja shilingi 600. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikiwaza: manze, hii si ni kazi ya Kukhu?

Kukhu ni nyanya yangu, mamake mama, na boma lake liko upande wa Butere, Kakamega. Alipika busaa miaka mingi. Nilimkuta akiwa karibu kuacha, lakini nilishuhudia za kutosha. Unga wa mahindi unachanganywa na maji, unafunikwa siku kadhaa mpaka uchache. Halafu unakaangwa juu ya bati kubwa, moto wa kuni chini, mtu anageuza na mti mrefu machozi yakitoka kwa sababu ya moshi, mpaka unakuwa mchanga wa rangi ya kahawia unaonukia kama mkate. Pembeni kuna wimbi iliyoloweshwa, ikachipuka, ikaanikwa, ikasagwa. Umesikia hiyo? Ikachipuka, ikaanikwa. Kimea! Vyote vinaingia kwa pipa na maji, siku mbili tatu, unachuja. Wazee wanakaa kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mambo ya ukoo yanaongelewa hapo.

Kwa pesa ya chungu hicho watoto wanne walisoma, mmoja ndiye mamangu. Na kwa sababu ya chungu hicho hicho Kukhu alilala ndani mara mbili, na mara zingine nyingi hakulala ndani kwa sababu alitoa kitu kidogo. Mama hukumbuka mapipa yakipinduliwa asubuhi, busaa inatiririka hadi kwa mlango wa jikoni, na yeye anaambiwa aende shule kama kawaida. Hakuna aliyemrekodi Kukhu akieleza vile wanga inageuka sukari.

Sasa hii tofauti haikuanguka kutoka juu. Ina tarehe.

Ile hadithi ya Tusker kila mtu anaijua: ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, walianzisha Kenya Breweries mwaka wa 1922, mwaka uliofuata George akauawa na ndovu akiwa mawindoni, na bia ikapewa jina la ndovu mwenye pembe. Hadithi tamu, inauzika kwa fulana. Ile sehemu haiingii kwa fulana ni kwamba Mwafrika hakuruhusiwa kunywa hiyo bia ya chupa mpaka mwaka wa 1947. Miaka 25 nzima. Na mtaani Pumwani, baraza la mji lilijipatia ukiritimba wa kupika pombe ya kienyeji na kuwauzia Waafrika. Mwanamke aliyepika kwake nyumbani alikuwa anashindana na serikali ya mji, kwa hivyo alikamatwa. Soma hiyo tena polepole. Tatizo halikuwa pombe. Tatizo lilikuwa nani anaishika hela ya pombe.

Uhuru ukaja, na mama wa busaa akaendelea kukimbia. Mwaka wa 2010 Bunge likapitisha sheria mpya ya vileo, watu wengi huiita sheria ya Mututho, na kwa karatasi ilifungua mlango: hata chang'aa ikatolewa kwa orodha ya vitu vya haramu, mradi uwe na leseni, vipimo, chupa na lebo. Kwa kampuni hiyo ni sawa. Lakini busaa ni kitu hai. Inaendelea kuchacha ukiwa umeishika. Leo tamu, kesho kali, kesho kutwa unamwagia nguruwe. Ukiifunga kwa chupa na kizibo itakulipukia. Kwa hivyo mlango ulifunguliwa, lakini ni mlango wa mtu mwenye kiwanda.

Najua kuna mtu tayari anaandika: "Na wale waliokufa?" Swali halali, na sitaliruka. Mwaka wa 2014 makumi ya watu walikufa kaunti kadhaa kwa wiki moja. Februari 2024, Kirinyaga, watu zaidi ya kumi. Wengine waliopona walipoteza macho. Lakini angalia kilichowaua: vinywaji vikali vilivyotiwa methanoli, spiriti ya viwandani ambayo haikufaa kuingia kwa tumbo la mtu. Busaa haikerekwi kwa mvuke kama chang'aa, inachachushwa tu, na nguvu yake ni ya bia. Inaweza kuwa chafu? Ndio, maji yakiwa machafu. Inaweza kumharibu mtu? Bila shaka. Kwa boma la Kukhu kuna kaburi la mjomba wangu ambaye pombe ilimshinda akiwa na miaka 41, kwa hivyo usinifunze. Ila bia ya shilingi 600 pia ina uwezo huo, inachukua tu muda na mkopo wa simu.

Rudi kwa hema. Yule jamaa wa aproni si adui wa Kukhu, na hapa ndipo watu wa mtaa hukosea. Yeye pia anapigana na ukuta. Kimea kizuri na hopsi nyingi zinatoka nje, kwa hivyo dola ikipanda, yeye analia. Kwa miaka mingi alilipa ushuru sawa na kampuni inayotoa malori kila dakika. Ni mwishoni mwa 2024 tu ndio sheria ya ushuru ilibadilishwa: bia sasa inatozwa kulingana na kileo kilichomo, shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya kileo halisi, na mpishi mdogo aliye huru shilingi 10. Piga hesabu na mimi. Nusu lita ya bia yenye asilimia 5 ina sentilita 2.5 za kileo. Kampuni kubwa inalipa shilingi 56.25. Mdogo analipa 25. Hiyo ni mara ya kwanza naona serikali ikiandika kwa sheria kwamba mdogo na mkubwa hawabebi mzigo sawa. Safi kabisa.

Lakini je, hiyo bia itafika Umoja?

Nilimuuliza mathe wa lokal yetu Jumatatu, bado sauti ya dijei iko kwa masikio yangu. Nikamwambia kulikuwa na tamasha, baa na wapishi wa Nairobi walikuwepo, mbona yeye hakuenda. Akaniangalia vile mtu huangalia mtoto aliyerudi na ripoti mbaya.

"Kijana, hiyo friji unaona ni yangu?"

Friji ina rangi na nembo ya kampuni. Aliletewa bure, na makubaliano yake ni kwamba ndani kunakaa bia za kampuni hiyo. Mabango nje, viti, hata rangi ya ukuta, vyote vililetwa. Akiweka chupa ya mtu mwingine, friji inaondoka, na baa bila friji mwezi wa Februari ni stoo. Nikamuuliza kuhusu mapipa ya krafti. Akacheka. Hiyo bia mara nyingi haijapashwa moto kuua vimelea, inataka baridi kutoka kiwandani hadi kwa glasi, na mifereji ya bomba ioshwe kila mara. Stima ikipotea usiku kucha, na kwetu hupotea, pipa limekwenda na pesa zake.

Kinachomlipia kodi ni kegi. Senator ilitoka mwaka wa 2004, serikali ikapunguza ushuru ili mtu wa mshahara mdogo aache vitu vya sumu, na wakulima wa mtama wakapata soko. Mwaka wa 2013 ushuru ukarudishwa nusu, bei ikapanda, na mathe anasema wateja wake hawakuacha kunywa. Walihama tu, wakaenda kule ambako hakuna lebo. Baadaye serikali ikaona, ikapunguza tena. Mathe hana digrii ya uchumi lakini ukitaka kujua ushuru hufanya nini kwa mtu, kaa kwa kaunta yake mwezi mmoja.

Kwa hivyo unapata tamasha lina kila kitu cha lokal isipokuwa lokal yenyewe. Mpishi mdogo hana njia ya kufika mtaani. Baa ya mtaani haina njia ya kufika tamasha. Kukhu haruhusiwi hata kusimama kwa foleni.

Siku hizi kila Oktoba hapa kwetu utaona matamasha yanayojifananisha na lile la Munich, kofia za manyoya na magauni ya Kijerumani kwa jua la Nairobi. Sina shida, vaeni. Lakini Oktoberfest yenyewe, iliyoanza mwaka wa 1810 kwa sherehe ya harusi ya kifalme, ina sheria moja ambayo hatukuibeba: bia yote lazima ipikwe ndani ya mji wa Munich. Kampuni sita tu ndizo zinauza: Augustiner, Hacker-Pschorr, Hofbräu, Löwenbräu, Paulaner na Spaten. Na hata huko kuna wivu. Kuna mpishi mdogo anaitwa Giesinger, alianzia kwa gereji, akachimba kisima kirefu chake mwenyewe ili bia yake ipate haki ya kuitwa bia ya Munich. Kumbe neno lokal linaweza kuwa na makali kiasi cha mtu kuchimba ardhi kulitafuta. Sisi tulichukua kofia tukaacha neno.

Ningependa kuona nini? Kila mpishi mdogo anayepewa hema alete baa moja ya mtaa, asimame nayo, wagawane mauzo. Mathe ajifunze bomba, jamaa wa aproni ajifunze kuuza kwa mtu mwenye mia mbili, ambayo ni sayansi ngumu kuliko hopsi. Na hema moja ya busaa, yenye leseni ya siku hiyo, maji yaliyopimwa, na daktari wa afya ya umma akitembea hapo na karatasi zake kama anavyotembea kwa wauza nyama. Chungu, mirija, wazee. Kaunti zina mamlaka ya kutoa leseni za vileo. Si lazima tusubiri Katiba mpya.

Jana nilimpigia Kukhu simu nikamweleza yote. Ana miaka 78, kusikia si shida, kuamini ndio shida. Nikamwambia bei ya glasi, akanyamaza, nikafikiri mtandao umekatika.

"Na machicha wanapeleka wapi?" akauliza.

Nikamwambia nilisikia mkulima huja kuyachukua kila wiki, analisha ng'ombe. Akaguna kwa kuridhika. Hiyo ilimfurahisha kuliko habari zote nilizompa. Halafu akauliza hao wenye tamasha hutoza pesa ngapi mtu akitaka kusimama hapo na chungu chake.

Sikuwa na jibu. Nimewatumia waandaaji ujumbe nikaweka swali lake vile vile alivyolisema, pamoja na la mathe kuhusu friji. Imesomwa. Bado hawajajibu.