Kutoka Chamwino: Chakula cha Mama Aliyejifungua kwa Upasuaji

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara, akishapita Gairo na Kibaigwa, huona nchi ikibadilika mbele yake. Milima inabaki nyuma, uwanda unafunguka, na mibuyu inasimama mmoja mmoja kama wazee walioitwa barazani. Udongo ni mwekundu na upepo haupumziki. Hii ni nchi ya Wagogo, na kabla hujaingia Dodoma mjini unakuwa umeshafika katika Wilaya ya Chamwino.

Wengi wanaijua Chamwino kwa ajili ya Ikulu, ambayo jengo lake jipya lilizinduliwa Mei 20, 2023. Wilaya yenyewe ilianzishwa mwaka 2007, ilipogawanywa iliyokuwa Dodoma Vijijini. Lakini leo, mama mpendwa, hatuendi Ikulu. Tunaingia jikoni kwa mama wa Kigogo, tuitike salamu ya "Mbukwenyi!", tukae kwenye kigoda, tuone kuna nini chunguni kwa ajili ya mzazi aliyerudi nyumbani akiwa na mshono tumboni.

NCHI YA MVUA MOJA

Chamwino hupata msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, nayo ni haba: wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Kwa hiyo wenyeji hupanda uwele na mtama, nafaka zinazovumilia jua, pamoja na karanga, kunde, njugu mawe, ufuta na alizeti. Siku hizi Chinangali na vijiji vingine vinajulikana pia kwa zabibu.

Miezi migumu ni ile ya kabla ya mavuno, ghala likiwa limepungua na shamba bado kijani. Mtoto haulizi ghala lina nini. Akifika siku yake anazaliwa. Ndiyo maana mama wa Kigogo hukausha mboga zinapokuwa nyingi. Majani ya kunde na mlenda wa porini huanikwa, hupondwa na kuwekwa akiba. Mbuyu nao hutoa matunda wakati wa kiangazi, na ubuyu hukaa muda mrefu bila kuharibika. Akiba hiyo ndiyo tunayotaka kuitazama kwa jicho la afya.

MVUMI, KWENYE HOSPITALI YA MISHENI

Ukielekea kusini-mashariki mwa Dodoma, mwendo wa yapata kilomita 40, utafika Mvumi. Wamisionari wa Kianglikana walianzisha kituo hapo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na hospitali yake, iliyo chini ya Dayosisi ya Central Tanganyika, imehudumia vizazi vya akina mama wa vijiji hivi. Mwanamke ambaye zamani angefia njiani kwa uchungu uliokwama, leo hupasuliwa na kurudi kwao na mtoto mgongoni.

Upasuaji si uvivu wa kuzaa. Liko neno hilo baya linalosemwa mitaani, nalo limewaumiza wengi. Katika Mwanzo 2:21 tunasoma jinsi Mungu alivyomtia Adamu usingizi mzito, akatwaa ubavu mmoja, akafunika nyama mahali pake. Aliyefanya hivyo hawezi kumdharau binti yake aliyelala juu ya meza ya daktari.

KIDONDA HUJENGWA KWA NINI?

Ngozi ya juu hushikana kwa muda wa wiki moja hadi mbili, lakini tabaka za ndani, pamoja na mfuko wa uzazi, huhitaji wiki nyingi zaidi. Mwili unajenga ukuta upya, nao fundi hajengi bila vifaa.

Kifaa cha kwanza ni protini. Hupatikana kwenye mayai, maziwa, kuku, dagaa, samaki wa Bwawa la Mtera, maharage, kunde, njugu mawe na karanga. Cha pili ni vitamini C, ambayo mwili huihitaji ili kutengeneza nyuzi zinazoshikanisha kidonda. Cha tatu ni madini ya zinki, yaliyomo katika nyama, karanga, ufuta na jamii ya kunde. Cha nne ni madini ya chuma, ya kurudisha damu iliyopotea. Maini, nyama, kunde na uwele vinayo. Na vyote hivyo vinahitaji chakula cha kutia nguvu na maji ya kutosha, kwa kuwa mama ananyonyesha pia.

Sasa tazama meza ya Chamwino. Ugali wa uwele, mboga ya kunde iliyoungwa kwa karanga, bakuli la maziwa ya mgando na kikombe cha ubuyu. Hakuna kilichonunuliwa duka la dawa, na mafundi wote wanne wamepata vifaa vyao.

Ubuyu una vitamini C nyingi kuliko chungwa, uzito kwa uzito. Lakini vitamini hiyo huharibiwa na moto. Basi usiuchemshe. Chemsha maji kwanza, yaache yapoe, kisha loweka unga wa ubuyu, koroga, chuja, unywe pamoja na chakula. Vitamini C husaidia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye kunde na uwele. Ubuyu wa rangi uliopikwa kwa sukari ni peremende tu, usiuhesabu hapa.

Mlenda hupikwa kwa magadi ili ulainike. Utamu wake tunaujua, ila magadi huharibu vitamini. Kwa mzazi, tia kidogo sana au acha kabisa. Na chai, mama, isubiri saa moja au mbili baada ya chakula, maana huzuia chuma kuingia mwilini.

MIIKO NA UNGA WA KWENYE CHUPA

Katika sehemu nyingi za nchi yetu wapo wazazi waliopasuliwa wanaokatazwa mayai, maharage au samaki, eti kidonda kitaoza. Wanabaki na uji mtupu kwa majuma. Hivyo ndivyo vyakula ambavyo kidonda kinavililia! Maharage yakileta gesi siku za mwanzo, mpe kidogo kidogo, lakini usimnyime.

Kuna pia wauzaji wa unga na vidonge vya "asili", wakiahidi kidonda kukauka kwa siku tatu. Unga wa majani ya mlonge ni chakula kizuri, unaweza kunyunyiziwa kwenye mboga. Lakini hauwezi kuziba pengo la mlo duni. Vidonge vya kitunguu saumu au tangawizi kwa wingi vinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu. Mwonyeshe mkunga chochote unachotaka kumeza, na endelea na vidonge vya kuongeza damu ulivyoandikiwa kliniki.

Usipake kidondani majivu, mafuta wala majani. Hata asali, ambayo katika baadhi ya hospitali hutumika kutibu vidonda, huwa imeandaliwa kwa ajili hiyo na huwekwa na mhudumu. Nyumbani, safisha mshono kama ulivyoelekezwa, ukaushe taratibu, uvae nguo isiyobana.

NDOO YA MAJI

Hapa Chamwino jambo linaloweza kuharibu kazi yote ya chakula ni ndoo. Maji katika vijiji vingi hufuatwa mbali, na ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Mama aliyepasuliwa asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake kwa muda wa wiki 6 hivi. Je, nani atateka maji? Nani atapasua kuni na kutwanga?

Baba wa nyumba, swali hili ni lako. Na akina mama wa kanisa, badala ya kumpelekea mzazi kanga peke yake, pangeni zamu ya maji. Jumatatu huyu, Jumanne yule.

Mrudisheni hospitali bila kuchelewa akipata homa, mshono ukivimba, ukiwa mwekundu, ukitoa usaha au harufu, au ukifunguka. Akitokwa damu nyingi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma. Au akishindwa kupumua vizuri. Msisubiri kukuche. Na mimba nyingine ingoje angalau miaka miwili; zungumzeni na mkunga kuhusu uzazi wa mpango.

Katika 1 Wafalme 19, Eliya alilala chini ya mti jangwani, amechoka hata kutamani kufa. Malaika hakuanza kwa kumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akaja tena akamlisha mara ya pili, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Mzazi wa nyumba ya jirani naye ana safari ndefu. Mpelekee bakuli la kunde, na ukitoka, ondoka na ndoo yake.