Kihisi Hakijui Risasi

Oda iliingia saa tano usiku. Kurasa sita, mwisho saa mbili asubuhi, mada: ukusanyaji wa data bila waya kutoka kwa vihisi vya kidijitali vinavyofuatilia ardhi na mazingira. Mwanafunzi mwenyewe yuko Marekani. Mimi niko Mikindani, nimekaa kitandani na laptopu yenye betri mbovu, na kazi yangu ni kuwaandikia wenzangu masomo ambayo mimi sikuyamaliza. Niliacha chuo mwaka wa pili, uhandisi wa umeme. Tusiingie huko kwanza.

Oda za aina hii huwa naziandika nikisinzia. Hii ilininyima usingizi.

Chukua bwawa la ukuta wa udongo. Maji hujipenyeza ndani ya ule ukuta polepole, na shinikizo lake likizidi, udongo unalegea kutoka ndani kabla jicho halijaona ufa wowote. Kwa hivyo wahandisi huzika vihisi mle ndani vya kupima hilo shinikizo. Zamani mtu alitembea bwawani na daftari, akachomeka kifaa, akaandika nambari, akarudi nyumbani. Mvua ikinyesha sana haendi, na siku ya mvua ndiyo siku aliyotakiwa kwenda. Zikaja nyaya, lakini waya shambani hukatwa na jembe, huliwa na panya, au radi hupita humo ikachoma kila kitu. Siku hizi kihisi hugeuza kipimo kuwa nambari palepale kilipo, halafu redio ndogo inazirusha. Redio za LoRa, kwa mfano, hutuma ujumbe mfupi kuliko esemesi, ndiyo maana betri inakaa miaka, na mahali pa wazi ujumbe unasafiri kilomita kadhaa, hata 10, hadi kwa kipokezi chenye laini ya simu. Mhandisi anasoma kwa simu yake akinywa chai.

Redio yenyewe si ajabu, kila matatu ina redio. Kinacholipiwa ni mfululizo. Shinikizo la leo halikwambii kitu mpaka ujue la jana, la wiki jana, la msimu wa mvua uliopita. Nikaweka mfano wa kwetu: Bwawa la Patel kule Solai, Nakuru, lililopasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40. Sisemi kihisi kingewaokoa. Nasema tu kwamba kifaa cha kusikiliza ukuta kama ule kipo, na hakipigi mtu usingizi.

Hapo ndipo nilipoisikia feni.

Manake juu ya dirisha langu kuna kihisi pia. Rafiki yangu mmoja tuliyeanza naye chuo (yeye akamaliza) alikuja kukitundika mwaka jana. Ni vipande vya bei nafuu ndani ya kipande cha bomba la plastiki. Feni ndogo inavuta hewa, mwale wa leza unapita katikati, chembe za vumbi zinatawanya mwanga, kifaa kinahesabu. Kila baada ya dakika chache kinatuma hesabu kwa waifai ninayochangia na jirani. Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa siku wa zile chembe ndogo kabisa usizidi maikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo. Jioni, malori ya kutoka bandarini yakijipanga barabara kuu, nambari zinaruka hadi nafunga dirisha. Kuna siku kinadanganya pia: unyevu wa pwani ukizidi, matone ya maji huhesabiwa kama vumbi. Twajua, twakisamehe.

Siku kilipotundikwa, mama mdogo alikuja kukiangalia. Akatazama kile kitaa kinavyowaka na kuzima.

"Kinapima nini hiki?"

"Vumbi, mama."

"Na risasi je?"

Hakuwa anauliza habari za bunduki. Kutoka hapa hadi Owino Uhuru ni mwendo wa miguu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza pale mwaka wa 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido aliajiriwa humo 2009, mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vya damu vikaonyesha sumu ya risasi. Akaacha kazi, akawa mwiba wao. Kiwanda kikafungwa 2014. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Mama mdogo anazijua tarehe hizo kuliko siku zake za kuzaliwa wanawe.

Nikamwambia ukweli: hapana, hakijui risasi. Leza inaona chembe tu. Haijui hii ni ya saruji, hii ya moshi wa mkaa, hii ya betri. Ukitaka kujua risasi, unachukua udongo au damu, unapeleka maabara.

"Kwa hivyo waliojua ni watoto," akasema.

Nami nilikuwa mmoja wa hao watoto. Toka 2009 hadi 2011 niliishi kwake Owino Uhuru, tukicheza mpira wa makaratasi kando ya ule ukuta mpaka adhana ya magharibi. Wenzangu kadhaa walipopimwa baadaye, mimi nilikuwa nimesharudishwa kwa nyanya, Kaloleni. Sikuwahi kutoa damu.

Sasa tuingie kule nilikokataa. Nyumbani nilisema nimeacha chuo kwa sababu ya karo. Karo ilikuwa kweli, lakini haikuwa yote. Nilikuwa nasoma ukurasa mmoja wa hesabu mara nne, nikiufunga umeenda. Usiku ule wa oda nikaacha bwawa, nikaanza kusoma habari za risasi mwilini. Humchelewesha mtoto kujifunza, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kwenye damu, nusu yake hutoka kwa kama mwezi mmoja. Inayobaki mwilini hujificha mifupani kwa miongo. Yaani nikienda zahanati kesho, damu itanieleza zaidi habari za mwezi uliopita kuliko za ule mpira wa 2010. Labda ni risasi. Labda hesabu zilinishinda tu, kama zilivyowashinda wengi ambao hawajawahi kukanyaga Mikindani. Kipimo chenye jibu kilikuwa cha wakati ule, na hakuna aliyekichukua.

Nilituma karatasi saa moja na nusu. Mteja akairudisha: ongeza aya moja kuhusu umuhimu wa data ya miaka iliyopita. Nikaongeza, nikalipwa.

Kile kifaa nilitaka kukishusha. Mama mdogo akakataa. "Kiache, mwanangu. Kihesabu hata hilo vumbi." Sasa hivi feni imeanza kukwaruza, chumvi ya bahari imeshaila. Rafiki yangu ameahidi kuleta nyingine Jumamosi.