Harufu ya Mikaratusi

Miaka ile nilipokuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika milima ya Usambara, nyuma ya madarasa yetu palikuwa na shamba la mikaratusi na misonobari. Jua likifika utosini, harufu ilijaa madarasani hata ukadhani mtu anajifukiza mafua. Na kwa mbali, upande wa bondeni, vilima vilijifunika utusitusi wa rangi ya samawati, ilhali hapakuwa na mvua wala umande.

Siku moja mwaka 1984 nilikuwa nafundisha sayansi darasa la sita. Nilikuwa nimeeleza, vizuri kwa maoni yangu, jinsi maji yanavyogeuka mvuke na mvuke unavyorudi kuwa maji. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha kidole. "Mwalimu, na harufu ya miti ikishapanda juu, hurudi ikiwa nini?"

Nikamjibu, "Harufu hairudi, inaisha." Kisha, ili nisionekane nimebanwa, nikaongeza kwamba labda hurudi ikiwa mbuzi. Darasa zima likacheka. Akaketi, na hakuniuliza tena swali mpaka alipomaliza la saba.

Chuo cha ualimu kilinifundisha kwamba maada haipotei, hubadilika tu. Sentensi hiyo niliiandika ubaoni kila mwaka. Siku ile nikaikana bila hata kugutuka.

Nilipostaafu ndipo nilipopata wasaa wa kusoma. Nikagundua kwamba mwaka 1960 mtaalamu wa mimea aitwaye Frits Went, Mholanzi aliyefanya kazi Marekani, alichapisha katika jarida la Nature maelezo ya utusitusi huo wa samawati. Alisema unatokana na mvuke wa mimea yenyewe. Maana yake, jibu lilikuwa limechapishwa miaka 24 kabla ya mbuzi wangu.

Mambo huenda hivi. Majani hutoa gesi zenye kaboni: isoprini, na jamii ya terpini ambazo ndizo hunukia. Isoprini peke yake hufikia takriban tani milioni 500 kwa mwaka duniani kote. Huko hewani mwanga wa jua huvunja ozoni, na kipande kinachotoka hukutana na mvuke wa maji kikazaa kitu kiitwacho haidroksili. Maisha yake ni kama sekunde moja au chini ya hapo, lakini ni mkali ajabu. Huishambulia molekuli ya terpini, na oksijeni hupata mahali pa kujishika. Ozoni nayo hushambulia. Molekuli nyingine hukatika vipandevipande na mwishowe huwa kabonidayoksaidi. Nyingine hubeba oksijeni nyingi hata zikashindwa kuelea kama gesi, zikatua juu ya vumbi jembamba au zikashikana zenyewe kwa zenyewe. Ndizo chembe. Nyingi hazifiki hata sehemu ya sabini ya unene wa unywele, na zile ndogo kabisa hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwekundu. Nyingine hukua, mvuke wa maji ukazishika, zikawa mbegu za mawingu.

Kwa hiyo harufu hurudi. Hurudi ikiwa rangi ya vilima, na mara nyingine ndani ya tone la mvua.

Nisiitetee miti kupita kiasi. Wakati wa kiangazi moshi wa mashamba yaliyochomwa ulichanganyika mle mle, na mvuke wa petroli mijini hupitia njia iyo hiyo mpaka ukawa chembe zinazoingia mapafuni. Jua halibagui mvuke wa mkaratusi na wa lori.

Miaka michache iliyopita nilikutana na yule msichana msibani, sasa mama mtu mzima mwenye wajukuu. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia marahaba, nikamvuta kando kwenye benchi, nikamweleza yote, ozoni na haidroksili, kama mtu anayelipa deni. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Mwalimu," akasema, "hilo swali nimelisahau kabisa. Mbuzi ndiye ninayemkumbuka."