Pima Saba Zilizobaki

Boti iliyotoka Unguja ilitufikisha bandari ya Mkoani asubuhi, jua likiwa halijapanda juu ya minazi. Tulikuwa wanne: sisi wazazi na mabinti wetu wawili. Tulichukua mizigo ambayo watu wa Dar es Salaam huichukua waendapo kwa wakubwa wao: mchele, sukari, majani ya chai na doti mbili za kanga. Lakini safari yenyewe ilikuwa na haja nyingine. Binti yetu mkubwa ameposwa, na harusi imepangwa kuwa Mfungo Tatu, inshaallah. Shangazi yetu, ambaye kwake ni kaskazini ya Wete, alikuwa ameanza kumsukia mkeka wa bi harusi, kama alivyowasukia wasichana wote wa ukoo. Kisha akatupigia simu kutuarifu kwamba mkeka hautamalizika. "Macho yamekataa, wanangu," alisema. "Njooni mchukue kilichopo."

Pemba si nchi tambarare. Barabara itokayo Mkoani kwenda Chake Chake na Wete hupanda vilima na kushuka mabondeni, na katika kila bonde mna mpunga, na juu ya kila kilima pana mikarafuu, miembe na minazi iliyosongamana. Waarabu walikiita kisiwa hiki Al-Khadra, yaani cha kijani, na mgeni haulizi kwa nini. Mikarafuu, hata hivyo, si miti ya asili ya hapa. Ililetwa visiwani katika karne ya 19, na mashamba yake yalishamiri Unguja pia. Tufani ya mwaka 1872 ndiyo iliyoing'oa mikarafuu mingi ya Unguja na kuisalimisha sehemu kubwa ya ile ya Pemba, na tangu hapo jina la karafuu likafuatana na jina la kisiwa hiki.

Msimu wa mavuno ulikuwa haujakwisha. Mbele ya nyumba nyingi karafuu zilikuwa zimeanikwa, nyingine bado mbichi, nyingine zimekwisha kuwa nyekundu ya kahawia, na harufu yake iliingia garini tukiwa bado mbali. Binti yetu mdogo alizipiga picha. Ilikuwa baadaye tu, tulipokwisha kukaa siku mbili kwa shangazi, ndipo alipozitazama tena picha zile na kusema kwamba hakuwa ameliona jamvi. Ni kweli. Msafiri huiona karafuu, huijua bei yake na historia yake. Jamvi la miyaa lililo chini yake halimshughulishi. Nalo limesukwa na mwanamke, chane kwa chane, kabla karafuu hiyo haijachumwa.

Shangazi tulimkuta barazani. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa kila mmoja, akitutambua kwa sauti. Alipofika kwa bi harusi mtarajiwa aliishika mikono yake yote miwili, akaipapasa viganja na ncha za vidole.

"Laini hii," alisema. "Itachanika."

Hapo tukajua kwamba hakutuita ili tuchukue kilichopo.

Ukili ulikuwa umekunjwa duara na kutundikwa ukutani. Mkeka wa kulalia wa kipimo alichokikusudia huhitaji pima 18 za ukili, nazo hupimwa kwa mikono miwili iliyonyooshwa, kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Pima 11 zilikuwa tayari. Zilizobaki zilikuwa saba, na kando yake palikuwa na mafungu ya ukindu uliokwisha kukaushwa na kutiwa rangi, akiba aliyoitayarisha wakati macho yalipokuwa bado yanamtii.

Pengine msomaji ameulalia mkeka tangu utoto wake bila ya kujua safari yake, kama sisi. Kwanza hukatwa makuti machanga ya mkindu, yale ambayo hayajafunguka. Huanikwa juani mpaka yawe meupe, kisha huchanwa kuwa chane nyembamba zilizo sawa. Zitakazotiwa rangi huchemshwa. Zamani weusi ulitokana na mdaa. Siku hizi rangi za unga hununuliwa dukani, na shangazi hakuona haja ya kulilia jambo hilo. Chane hunyunyiziwa maji kabla ya kusukwa, kwani ukindu mkavu hukatika. Ukili husukwa kwa mshazari, chane zikipishana juu na chini, na chane inapokaribia kwisha huingizwa nyingine mahali ambapo jicho halitapaona. Ukili ukitimia ndipo unaposhonwa ukingo kwa ukingo, mpaka upana wa vidole vichache uwe upana wa kitanda. Mkeka huu wetu ulikuwa mweupe, mweusi, na ule wekundu uitwao damu ya mzee.

Asubuhi ya pili kazi ilianza, lakini haikuanzia ukindu. Ilianzia jikoni, kwa kuwa shangazi hakubali mtu asuke na njaa. Mchele ulikuwa umelala majini usiku kucha kwa ajili ya mkate wa kumimina, na palihitajika nazi mbili. Baba wa mabinti hawa aliulizwa kama anajua kukaa mbuzi. Akasema amewahi. Akakalishwa, akapewa kifuu, na nusu ya nazi ya kwanza ikaishia kwenye vidole vyake. Jirani aliyekuwa akipita alicheka. Shangazi hakucheka, alimkumbusha jirani kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake. "Nazi haimvunjii mtu heshima," alimaliza, na jirani akaondoka na salamu zake.

Nazi ikakunwa. Tui likakamuliwa kwa kifumbu, chombo ambacho nacho ni kazi ya mkono, kilichosukwa kama mfuko mrefu mwembamba. Tui zito ndilo lililotumika kuusaga mchele, pamoja na iliki. Kisha sukari na hamira vikafuata. Rojo likaachwa liumuke. Lilipopanda, likamiminwa kwenye chombo kilichopakwa mafuta juu ya moto mdogo, na makaa yakawekwa juu ya kifuniko ili mkate uive juu na chini. Mabinti wetu walitaka kujua ni dakika ngapi. Shangazi hakuwa na hesabu ya dakika. Aliinamisha kichwa kuelekea jikoni, akanusa, akasema bado; akanusa tena, akasema epueni. Mkate ulikuwa wa rangi ya dhahabu, wenye vitundu katikati, na haukuwa umeungua popote. Tukaula kwa mchuzi wa samaki, sote katika sinia moja, juu ya mkeka ambao yeye mwenyewe alikuwa ameusuka kabla mabinti hawa hawajazaliwa.

Kisha ndipo tulipoketi kusuka. Mama na mabinti wawili walipewa ukili kwa zamu, na shangazi alikaa katikati. Siku ya kwanza bi harusi alisuka urefu wa dhiraa moja, akafurahi nao. Shangazi aliuchukua, akaupitisha taratibu baina ya kidole gumba na cha shahada, macho yake yakitazama uwanjani ambako hayakuona kitu. Katikati akasimama.

"Hapa chane imeruka," alisema. "Fumua mpaka hapa."

Tulitazama sisi wenye macho, na ilitupasa kuugeuza ukili mara mbili kwenye mwangaza ndipo tukaliona kosa. Lilikuwa dogo mno. Tulimwombea binti: ni siku yake ya kwanza, bibi, na nani atakayelitambua? Shangazi alijibu kwa upole kwamba mkeka hautazamwi tu, hulaliwa. Chane iliyoruka hulegeza jirani yake, na jirani naye humlegeza wa pili, na baada ya mwaka mmoja pana tundu. Bi harusi alifumua. Machozi yalimlenga, lakini alifumua.

Inatupasa kukiri jambo ambalo tulikwenda nalo Pemba bila ya kulitangaza. Mama wa mabinti hawa alilelewa na shangazi huyu mpaka alipomaliza shule ya msingi, na kusuka hakujua. Alipokuwa mtoto aliuficha ukili chini ya kitanda akafungua kitabu, kwa kuwa aliamini kusuka ni kazi ya waliokosa masomo. Shangazi alimwona, na hakumlazimisha. "Wewe soma, mimi nitasuka," alimwambia. Sare, madaftari na nauli ya boti ya kwenda kusoma Unguja vilitokana na mikeka ile. Basi elimu iliyotufanya tuidharau kazi hii ililipiwa na kazi hii yenyewe. Miaka mingi tuliijua habari hiyo bila ya kuitia moyoni.

Siku ya nne alipita mchuuzi. Jirani alikuwa na mkeka uliomchukua miezi miwili, katikati ya kupika, kulima na kulea, akauuza kwa pesa zilizotosha kilo kumi za mchele na chumvi juu yake. Hatusemi kwamba mchuuzi ni mwovu. Naye ana nauli na watoto. Wala hatuilaumu mikeka ya plastiki iliyojaa majumbani mwetu Dar es Salaam, ambayo ni rahisi na huoshwa kwa maji. Lakini siku ile tulikumbuka kwamba sisi wenyewe, sokoni, huomba tupunguziwe bei ya kikapu cha ukindu kabla hata hatujakishika vizuri, na dukani hatuombi tupunguziwe bei ya kitu kilichotoka kiwandani. Tumefundishwa kwamba hakuna chakula kilicho bora kuliko kile mtu anachokipata kwa kazi ya mikono yake, na kwamba Nabii Daud (a.s.) aliishi kwa kazi ya mikono yake. Mafundisho hayo tunayapenda yakisomwa, na sokoni tunayasahau.

Usiku ule, baada ya Isha, tulimsikiliza shangazi barazani. Alisema mkeka humpokea mtoto anapozaliwa, humkalisha bi harusi, na humlaza maiti anapongojewa kukoshwa. Hakuna kitu kingine cha nyumbani kinachoandamana na mtu hivyo. Baba wa mabinti aliongeza habari zilizopokewa za Mtume (s.a.w.), kwamba alisali juu ya khumra, ambayo ni mkeka mdogo wa makuti ya mtende, na kwamba alilala juu ya mkeka mpaka alama zake zikabaki ubavuni mwake, jambo lililomliza Sayyidna Umar (r.a.). Shangazi alizijua habari hizo. Alichouliza ni kimoja tu: nani aliyeusuka mkeka ule? Hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu.

Tulikaa siku nane. Katika siku hizo mikono mitatu isiyojua ilisuka pima nyingi na kufumua nyingi, na zilizosalimika chini ya vidole vya shangazi zilikuwa pima mbili. Ncha za vidole vya bi harusi zilichanika kama alivyoambiwa. Binti mdogo, ambaye hatukumtarajia, ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Siku ya saba ukili wake ulipita baina ya vidole vile bila ya kusimamishwa, na shangazi akaurudisha kimya, akachukua kikombe chake cha chai. Tulielewa kwamba hiyo ndiyo sifa.

Tulimwomba aje nasi Dar es Salaam. Daktari amekwisha kumwambia kwamba ni mtoto wa jicho, na kwamba upasuaji unaweza kumrudishia nuru. Alisema atakuja Mfungo Tatu kwa ajili ya harusi, na habari ya macho itazungumzwa baada ya harusi, si kabla. Hatukuweza kumtoa hapo. Alitupa mafungu ya ukindu yaliyofungwa kwa kitambaa, na ule ukili wa pima 13, akatuagiza tusiuweke juani wala tusisuke bila ya kuunyunyizia maji.

Sasa tunaandika tukiwa nyumbani. Jioni, vyombo vikishaoshwa, ukili huteremshwa ukutani, na bakuli la maji huwekwa kando. Zimebaki pima tatu. Kuna jioni ambazo umeme hukatika na mabinti husuka gizani, wakilitafuta kosa kwa vidole. Na mara mbili sasa wamelipata wenyewe na kufumua bila ya kuambiwa. Kushona hatujui bado. Shangazi anasema atakapofika atatuonyesha, na kwamba kwa kazi hiyo mkono wake unatosha.

Mwenyezi Mungu amfikishe salama, amrudishie nuru ya macho yake, na amlipe kwa kila pima aliyoisuka kwa ajili yetu nasi hatujui. Amin.